Tangi la Kwanza

Injini iliyofumuliwa na kuundwa upya haikimbizwi hadi imalize tangi la kwanza la mafuta, isije ikaharibika. Kwa fundi Shebuge hilo halikuwa na mjadala, na binti yake Zawena alilijua vizuri.

Walipotoka hospitali, Shebuge alimpakia binti yake nyuma ya pikipiki yake ya magurudumu manne, aliyotoka kuiunda upya injini, akamfunga mgongoni kwake kwa khanga asije akaanguka, wakashuka kwenye mchanga wa mto uliokauka. Walikwenda polepole, kama jana na juzi.

"Baba, vuta mafuta basi," Zawena alimtania.

Kila siku alimjibu, "Acha izoee kwanza, mama. Ukipona utaikimbiza mwenyewe."

Leo alivuta mafuta mpaka mwisho. Injini ikapiga ukelele, mchanga ukaruka, harufu ya oili iliyoungua ikawajaa puani. Tangi lilikuwa bado nusu.

Zawena hakushangilia. Aliegemeza paji la uso kwenye mgongo wa baba yake.

"Daktari amekwambia nini, baba?"

Shebuge hakulegeza mkono. Nyuma yao moshi wa buluu ulianza kutanda juu ya mto.