Kikopo cha Mzee Shemdoe

"Hongera babu! Choo chako kizuri kama cha mtoto," nesi wa utafiti alimwambia akicheka. "Kongosho lako, lile la kusaidia kusaga mafuta, ni zima, kwa hiyo tunakutoa kwenye utafiti. Dawa tutawapa wagonjwa."

Mzee Shemdoe akainama, akaukaza mkanda uliokwisha matundu kwa jinsi alivyokonda. Choo chake mwenyewe kilielea kwa mafuta na kunuka hata akaona haya kukileta kwa binti wa watu. Ndipo akatia kwenye kikopo choo cha mjukuu wake.

Alipofika mlangoni tumbo lilimnyonga, akarudi.

"Sista, naomba kikopo kingine."

"Cha nini tena, babu? Si umeonekana mzima?"

"Kile hakikuwa changu."

Wagonjwa kwenye benchi wakageuka kumtazama. Mzee akanyoosha kiganja, macho yakiwa sakafuni, akangoja.