Mia na Tano

Fundi seremala aliandika 1005 ubaoni, akapuliza vumbi la chaki vidoleni kama mtu aliyemaliza kuunda kabati, akageuka kungoja sifa.

Mwalimu alikuwa amesema mia na tano.

"Mwalimu, ulisema mia, nikaiandika mia nzima," fundi alijitetea. "Ukasema na tano, nikaifuatishia tano yake. Sasa hapo nimekosa wapi?"

Darasa la watu wazima likaangua kicheko. Mwalimu alichora tena vile vyumba vyake vitatu, mamia, makumi na mamoja, akaeleza kwamba mia ikipata mgeni haiji na sifuri zake zote. Sifuri ya mwisho inampisha tano. Ile ya kati inabaki kushika nafasi ya makumi, maana chumba hicho hakina mtu. Alichoandika fundi ni elfu moja na tano. Fundi akajibu kwamba basi amempa zaidi ya alichoomba, na watu kwa kawaida hulalamikia kupunjwa.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mama yake mwalimu, kwenye benchi la nyuma, mdomo kaufunika kwa daftari. Ndani ya daftari hilo, naye alikuwa ameandika 1005.

Hapo ndipo penye maumivu. Kesho yake ofisa wa elimu ya watu wazima angekuja kulipima darasa, na alikwishaonya: akishindwa hata mwanafunzi mmoja kuandika namba, darasa litapewa mwalimu mwingine, na huyu atarudishwa stoo kupanga vitabu, huko huko alikotolewa. Wanafunzi wote walikuwa wameiva isipokuwa fundi na mama, hao wawili wa benchi la nyuma. Mwalimu alishajaribu kuwatenganisha, akidhani wanaangaliziana. Mama akasema macho yake yanauona ubao vizuri kutokea pale pale tu.

Kwa mama alikuwa na subira. Tangu baba afariki, mama alihamia kwake, naye hakupenda ashinde nyumbani akitazama ukuta, ndiyo maana akamwandikisha darasani. Na mama alilipenda darasa kweli. Siku za masomo alinyoosha gauni lake kwa pasi mpaka mikunjo ikatubu, akasuka nywele, akajipaka manukato nyuma ya masikio. Mwalimu alijivunia. Si kila mzazi anaiheshimu elimu namna hiyo.

Kwa fundi hakuwa na subira, kwa sababu siri yake alikwishaigundua.

Wiki iliyopita alipita kwa jirani na kumkuta fundi anapima mlango. Alimwona akivuta futikamba, akatoa penseli sikioni, akaandika 105 kwenye kipande cha mbao bila hata kufikiri, sifuri imekaa katikati kama imezaliwa pale. Mwalimu alirudi nyuma kimya kimya kabla hajaonekana.

Mtu mzima anayejua namba ajifanye hazijui, kwa faida gani? Mwalimu alilipata jibu moja tu, na kioo cha kabati lake hakikumpinga. Alikumbuka jinsi fundi anavyowahi kuliko wote, anavyoyakaza mabenchi yanayoyumba bila kuombwa, anavyozubaa mlangoni wenzake wakishaondoka. Tena hakosi kuuliza habari za nyumbani: mmelala salama, mama goti lake linaendeleaje, mama amepata dawa. Wanaume wa aina hii, mwalimu aliwaza, huanzia kwa mama.

Basi siku hiyo aliwaruhusu wengine, akawabakiza wale wawili. Fundi, ili ayamalize. Mama, ili awe shahidi, maana maneno ya namna ile mwanamke mwenye akili hayasemi peke yake chumbani na mwanamume. Alikuwa ameyafanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Fundi, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Lakini namba unazijua, nimekuona kwa macho yangu. Na sababu ya kujifanya huzijui ninaijua pia. Sasa nisikilize. Wewe una umri wa baba yangu, na moyo wangu haupo huko. Kesho nakuomba uandike sawasawa, mimi nibaki na kazi yangu, na mambo haya yaishe hapa hapa."

Fundi alimkodolea macho. Kisha akamgeukia mama.

"Kumbe hujamwambia?"

"Ningemwambia saa ngapi," mama akasema, "na kila nikifungua mdomo ananifundisha makumi?"

Mwalimu aliketi juu ya dawati lililokuwa karibu.

"Kesho tutaandika sawasawa, sote wawili," mama aliendelea, akifunga vifungo vya mkoba wake. "Kazi yako haiendi popote. Ila tukishafaulu, benchi hatuna tena. Na kwako, mwanangu, nina pa kulala, sina pa kuzungumza na mtu. Kwa hiyo anza kuzoea kumwona sebuleni."

Mwalimu, kwa sauti nyembamba ambayo darasa lile halijawahi kuisikia, alisema kwamba angalau angeombwa radhi, muhula mzima amefanywa mjinga.

Mama alimkabidhi fundi mkoba ambebee.

"Radhi siombi," akasema, akatangulia mlangoni.