Kivuli cha Jumba la Mikutano

Sheria inaturuhusu kuona kila kivutio cha Nairobi mara moja tu maishani. Ukishaondoa macho, lenzi tuliyowekewa utotoni hukifunika kwa anga tupu. Mimi Jumba la Mikutano nililimaliza siku ya harusi yetu, kwa pupa, huku napigwa picha. Mume wangu Musyimi alikataa kuinua uso, alisema atalitunza. Miaka thelathini amefagia uwanja wa jumba hilo akitazama chini, akijua saa kwa kivuli cha jengo, hadi shingo ikazoea. Hata nyumbani huongea na sakafu.

Leo amestaafu. Aliniita nimsindikize, akaegemeza ufagio ukutani, akainua uso polepole.

"Mama Ndinda," alinong'ona, "kumbe kile kivuli kilikuwa kinalipunja!"

Mimi niliona anga tupu. Lakini uso wake uling'aa. Jua likasogea. Machozi yakamtiririka, asiyafute.

"Twende nyumbani, Baba Ndinda."

"Nikishusha macho, basi tena."

Nikasimama mbele yake na kitenge changu kipya, nikingoja zamu yangu ya kutazamwa.