Chuma Chekundu Uvunguni

Walipotoka mjini, taa ya injini ilianza kuwaka na kuzima, na gari likawa linamisi, injini ikikatakata na kutetemeka kama mtu mwenye homa.

"Kaka, hiyo taa inataka nini?" aliuliza Tunu, bibi harusi, kutoka kiti cha nyuma.

"Achana nayo," alijibu Shomvi. Juzi tu alikuwa ameichokonoa kompyuta ya injini ili gari liende mbio siku ya harusi ya dada yake, ingawa fundi alimkataza.

Harufu ya kuungua ilipowafikia, alisimama pembeni kwenye majani makavu, akashuka, akainama. Uvunguni, ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, nyekundu ya kupendeza hasa. Shomvi alisahau hata kuvuta pumzi. Kisha majani yakaanza kufuka moshi.

"Tunu, shuka! Tusukume!"

Tunu alikusanya gauni lake, wakasukuma mpaka gari likasimama kwenye lami. Shomvi akayakanyaga majani mpaka moto ukazimika.

"Mafuta yaliyoshindwa kuungua kwenye injini yalikuwa yanaungulia huku kwenye bomba," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikukalisha juu ya tanuri, mdogo wangu."

Tunu alichuchumaa kando yake, gauni jeupe likitandaa kwenye lami, wakakitazama kile chuma kikififia polepole.