Lebo ya Kikasha cha Mwisho

Zuwena alitia mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, akaanza kusugua kikasha cha mwisho. Mnunuzi wa sarafu kongwe za mumewe alitaka vikasha vyote vya plastiki viwe safi, bila lebo wala gundi, na mume mwenyewe hakuwa na mkono wa kusugulia. Alikuwa kitandani nyuma yake, upande mmoja umepooza, mdomo umekwenda kando.

Lebo hii ilikuwa kubwa, imefunika uso mzima. Ikalainika, ikabanduka. Gundi ikajiviringa chini ya kidole kama nongo, na plastiki ikang'aa.

Akakiinua kikasha kwenye mwanga.

Ndani mlikuwa na sarafu ya fedha yenye tundu lililotobolewa upande, na ukingoni alama za meno yake mwenyewe, za utotoni. Mama yake ndiye aliyemvika shingoni. Ilipoibwa, Zuwena aliwaita walimu wakamsomea mwizi halbadiri, balaa limfike popote alipo. Mumewe ndiye aliyewamiminia kahawa, na akaitikia "amina" pamoja nao. Mwezi haukuisha, akaanguka bafuni.

"Mama Shufaa," sauti ilimtoka kwa tabu kule kitandani, "mbona kimya? Umemaliza?"

"Bado, Baba Shufaa. Kimebaki kimoja."

Akaiokota lebo haraka, akairudisha palepale, akaikandamiza kwa dole gumba. Lakini mafuta yalikwisha kuingia. Lebo ikateleza. Akairudisha. Ikateleza tena.