Uzi wa Kupimia Chatu

Tangu asubuhi chatu mchanga hakutulia. Alizunguka ndani ya sanduku la kioo akiusukuma mfuniko kwa pua, na Bi Mwanahawa naye akazunguka chumbani, asitake kuliangalia begi la safari alilokuwa akilifunga mwanawe, Ghalibu.

"Mama, leo mlishe wewe. Kesho mimi sipo."

Kwenye bakuli la maji ya vuguvugu walilala panya wawili waliokufa, wametoka kwenye friji. Bi Mwanahawa akamnyanyua kwa koleo yule mdogo, kinda lisilo na manyoya.

"Huyo ni wa siku zile chatu alipokuwa ameanguliwa tu, mama. Wadogo hivyo hawamshibishi tena. Ndiyo maana hatulii. Ana njaa."

"Na akipaliwa je? Mtoto bado huyu."

Ghalibu akachomoa uzi mweusi kwenye kikapu cha ushonaji cha mama yake. Akamzungushia chatu tumboni, kwenye unene wake, akaukata. Kisha akamzungushia panya mkubwa. Ncha zikagusana.

"Asizidi hapa, lakini asipungue mno."

Mama akamshika panya mkubwa kwa koleo, akamshusha sandukuni. Chatu akamrukia panya, akajiviringa juu yake, taya zikapanuka kuliko Bi Mwanahawa alivyodhani zingeweza. Uvimbe ukashuka taratibu. Chatu akatulia.

Bi Mwanahawa hakutulia. Aliuokota uzi, akamzungushia mwanawe kwenye kifundo cha mkono, kama alivyokuwa akimfunga uchangani ili aone kama anakua.

Ncha hazikukutana. Akaendelea kuvuta.