Kaa Aliyechukia Kijani

Kwa nini Kaa aliichukia rangi ya kijani, msimulizi wa kisa hiki hakuwahi kujua. Tangu ahamie tangi jipya la maji chumvi, kila uzi wa mwani uliochipua aliukata papo hapo. Maji yaling'aa, naye akajivuna.

Lakini rafiki yake Kamba alikuwa hoi, akihema kwa shida.

"Bibi Konokono," Kaa aliuliza, "maji safi hivi yanamdhuruje mwenzangu?"

"Tunakula, tunabakiza, mabaki yanaoza. Humo ndimo inamotoka sumu iitwayo naitreti, na haionekani kwa macho."

"Nani huiondoa?"

"Mwani, mjukuu wangu. Hicho ndicho chakula chake. Umekuwa ukimfukuza mfagiaji ukidhani ndiye taka."

Kaa alimtazama Kamba. "Kumbe usafi wangu ndio unaomuua?"

"Usafi wako na ulafi wetu sote. Usijitwike lawama peke yako."

Ikaamuliwa kwamba kila mmoja amalize chakula chake, na mwani uachwe uote. Ulikuwa umesalia uzi mmoja tu, umenasa chini ya jiwe. Kaa mwenyewe aliubeba kwa gando lake, taratibu, akaupanda mlangoni pake.